Mji Aliopewa Bwana Shauri

Siku ya kuzaliwa Kaisari, mfalme wa Wajerumani, mwaka wa pili tangu reli ifike Dodoma, watu wa vijiji vya karibu waliitwa bomani kufurahi. Waliitwa, maana yake askari walipita nyumba kwa nyumba, na asiyetaka kufurahi alijua kitakachompata. Loisi binti Ndahani alikuja kwa miguu kutoka Kizota pamoja na baba yake, na tangu njiani alikuwa amenuna. Alikuwa mjane aliyerudi kwa babaye. Misheni ya Mvumi ilimfundisha Kiswahili kizuri, lakini hasira alikuwa nayo tangu kabla ya misheni.

Kulikuwa na mbio, kukawa na kuvuta kamba, kisha likaja jambo jipya. Bwana Shauri, ndivyo walivyomwita mzungu aliyekata mashauri ya wilaya, alitaka kuwapima wenyeji ujuzi wao wa mambo ya dunia. Akida Mbwana, mtu wa pwani aliyewekwa na serikali juu ya majumbe wote wa vijiji, alimshauri aulize kwa mtindo wa vitendawili, kwa kuwa watu wameuzoea. Wapagazi wa misafara walikuwa wameuleta mchezo huo Ugogo siku nyingi. Mmoja hutega, wengine hutegua, na wakishindwa humpa mtegaji mji, mji wowote ule, Unguja au Tabora au Maka. Akishapokea hutoa jibu, na zamu ya kutega huenda upande wa pili. Kesho yake hakuna anayefunga mizigo kuhamia Unguja.

Bwana Shauri alisimama barazani akatega. Maji yakishikwa na baridi kali huwa nini? Mzee mmoja wa Makole akasema huwa mvua ya mawe, ile inayolaza mtama shambani. Akida akasema amekosa, jibu ni barafu. Mzee alitaka kujua mvua ya mawe kama si maji yaliyoshikwa na baridi ni kitu gani, akaambiwa anyamaze. Mto gani umeimbiwa nyimbo nyingi kuliko mito yote? Kumbe ni Raini, wa kwao Bwana Shauri. Nani alizihesabu nyimbo hizo, hakusema.

Akauliza tena, Wayunani wa kale waliposhindana mbio walivaa nini? Watu wakataja shuka, wakataja ngozi, wakataja hata viatu. Jibu lilikuwa kwamba hawakuvaa kitu. Walikimbia uchi mbele ya umati, na Bwana Shauri akawasifu sana, akisema hao ndio waliowafundisha wazungu ustaarabu. Loisi alihisi damu inampanda kichwani. Mjomba wake mwenyewe alikuwa amefukuzwa pale bomani mwezi uliopita kwa kosa la kuvaa ngozi badala ya nguo.

Kila waliposhindwa watu walitoa mji huku wakicheka, ingawa zamu ya kutega haikuwafikia hata mara moja. Ilitolewa Bagamoyo, ikatolewa Ujiji, na kijana mmoja wa reli akatoa London. Kisha zamu ya kujibu ikamfikia Ndahani, aliyekuwa jumbe wa Kizota. Bwana Shauri akamtazama machoni na kumuuliza mlima mrefu kuliko yote katika Ujerumani ni upi.

Ndahani alikuwa hajawahi kufika Ujerumani, na wala hakuona aibu kusema hivyo. Akasema atatoa mji. Akaulizwa mji gani, na hapo ndipo adabu zake zilipomponza. Wenzake walikuwa wakigawa miji ya watu, miji ambayo hawajaikanyaga, naye jambo hilo lilikuwa likimkera tangu mwanzo. Kwa malezi aliyolelewa, mgeni ukimpa kitu cha mtu mwingine umemtukana. Akifika kwako unachinja ng'ombe wako, humchinjii wa jirani. Basi akatoa kilicho chake, tena kilicho bora.

"Nakupa Kizota," akasema, "pamoja na visima vyake."

Watu wakapiga makofi. Bwana Shauri akacheka, akasema ameupokea mji, na jibu ni Kilimanjaro.

Makofi yakakoma. Loisi alidhani amesikia vibaya. Kilimanjaro iko Uchagani, hata wapagazi waliowahi kuiona walikuwapo pale pale uwanjani. Hakuna aliyeibeba kuipeleka Ulaya. Mlima umekaa mahali pake na wenyewe wamekaa chini yake, halafu mtu amesimama barazani akasema ni wa kwao, na watu wazima wakaitwa wajinga kwa sababu hawakujua kwamba umeshachukuliwa. Njia nzima ya kurudi alimwambia baba yake neno hilo. Baba yake akamjibu kwamba ule ni mchezo tu, na mchezo haukasirikiwi.

Mwezi wa saba, malambo yalipokauka na mifugo yote ikawa inategemea visima vya Kizota, Akida Mbwana alikuja na askari wakapigilia vigingi kuvizunguka. Kulikuwa na mzungu mgeni aliyetaka mahali pa kufugia, na boma lilikuwa limempatia. Ndahani alipouliza kwa idhini ya nani, akida alimkumbusha kwamba jumbe mwenyewe ndiye aliyevitoa kwa hiari yake, siku ya Kaisari, mbele ya mashahidi. Ng'ombe wakazuiwa. Ndama walianza kulala chini na kutoamka, na Loisi, aliyewapa majina ndama wote wa zizi lile, hakuweza kuwatazama.

Wakaenda bomani, baba na binti, wakiwaswaga ng'ombe pamoja nao kwa kuwa hapakuwa na pa kuwaacha. Bwana Shauri alikuwa barazani na wageni wawili, wazungu wa reli. Ndahani alieleza taratibu, kwa heshima zote, namna mchezo ulivyo. Bwana Shauri akasema yeye ni mtu wa haki na hakumlazimisha mtu. Akamgeukia akida, akamuuliza kama kwa desturi ya pwani mji uliotolewa hurudishwa. Akida Mbwana, aliyelelewa kwa vitendawili na bila shaka alishawahi kugawa Misri yote kwa ulimi tu, akasema kilichotolewa kimetolewa. Alisema hivyo huku akiangalia viatu vyake.

Loisi alikuwa ameahidi kunyamaza. Akashindwa.

"Basi mchezo haujaisha," akasema. "Mlitega, tukashindwa, mkapewa mji. Zamu ni yetu."

Wageni wa reli walitafsiriwa maneno hayo, wakafurahi, wakataka kuona. Bwana Shauri naye akatabasamu, akamwambia atege.

"Mto mrefu kuliko yote katika Ugogo ni upi?"

Bwana Shauri alikuwa ameizunguka wilaya yake kwa farasi na kuichora ramani mwenyewe. Hakusita, akajibu kwamba ni Bubu.

"Umekosa, bwana. Ni Raini."

Mmoja wa wale wageni alicheka mpaka akashika meza. Bwana Shauri hakucheka. Akasema huo ni upuuzi, Raini uko Ujerumani, hata mtoto mdogo anajua.

"Na Kilimanjaro iko Uchagani, hata mtoto mdogo anajua," Loisi akasema. "Umeshindwa. Tupe mji."

Bwana Shauri alisema, kwa ukali, kwamba huo ni mchezo tu. Loisi akamjibu kwamba ndivyo baba yake alivyokuwa akimweleza tangu alipoingia.

Nje ng'ombe walikuwa wakilia kwa kiu. Bwana Shauri aliwatazama wageni wake, akaona wanasubiri atajitoa vipi, akatafuta njia ya kutoka akiwa mkubwa vile vile alivyoingia. Akatangaza kwamba serikali ina huruma. Visima atawapa Wagogo, kama zawadi ya Kaisari, ila jumbe apige magoti hapa barazani ashukuru, na kila mwaka siku ya Kaisari alete fahali mmoja, ili watu wakumbuke visima ni vya nani.

Loisi alimjua baba yake. Ndahani alikuwa mtu wa kushukuru, alishukuru hata akirudishiwa jembe lake limevunjika mpini. Atapiga magoti, atasema asante, na kuanzia siku hiyo watakunywa maji yao kwa fadhili ya mtu mwingine, wao na watoto watakaozaliwa. Alitaka kumshika mkono na akajizuia.

Mzee akaivaa shuka yake vizuri begani.

"Cha kwangu sikishukuru," akasema, akageuka akatoka bila kuaga.

Maishani mwake hakuwahi kutoka nyumbani kwa mtu bila kuaga. Bwana Shauri alimwita mara moja, lakini kwa kuwa wageni wa reli walikuwa bado wanacheka, hakumwita tena. Loisi alimfuata baba yake, naye mzee alikuwa akitembea haraka kuliko ng'ombe.

Kizota walimkuta askari amekaa kwenye kivuli chembamba cha mti wa miiba, bunduki mapajani. Akasimama, akauliza kama Bwana Shauri amewapa visima.

"Hakutupa," Ndahani akasema. "Ni vyetu."

Askari alimtazama mzee, akatazama lile kundi lililokwisha kunusa maji na kuanza kukimbia. Akasogea pembeni. Ng'ombe wakapita katikati ya vigingi, wanawake wakashuka visimani na vibuyu, birika za udongo za kunyweshea ng'ombe zikaanza kujaa.

Loisi hakushuka kuteka. Alikishika kigingi cha kwanza kwa mikono miwili akakitikisa mpaka kikatoka, akaenda cha pili. Mikono ilimchubuka. Baba yake alimwita aje anywe maji kwanza, naye akajibu kwamba atakuja akimaliza.