Aliyekunywa Petroli

Mimi hasira zangu ziko karibu, na sijawahi kulificha hilo. Wateja wa buchari yangu hapa Meru mjini wanajua: ukilalamika kwamba nyama ina mifupa mingi, nitakuuliza uliona wapi ng'ombe anayetembea bila mifupa. Lakini siku niliyomwita Mbaka mwizi sikuwa natania, na hilo ndilo linaloniuma.

Mbaka ni mtu wa Kibugu, kule Embu. Aliendesha pikapu yangu kuukuu miaka kumi na mmoja. Kila Jumatano tulienda machinjio ya Ruiri kuchukua nyama, na nyuma tukapakia ngozi za ng'ombe zilizopakwa chumvi. Mwaka huu pikapu ikaanza kunywa petroli kama mtu aliyefunga bila kula daku. Tangi nililolijaza Jumatatu, Alhamisi limekauka. Nikamuuliza kulikoni.

"Mzee, ni gari inakunywa," akasema. "Mimi sikunywi petroli."

Buchari ilikuwa imejaa watu. Nikamwambia mbele yao, kisu kikiwa mkononi, aache ufunguo kwa sababu siwezi kulisha mwizi. Aliuweka juu ya mizani, akapangusa mikono kwenye suruali, akatoka. Sauti hata hakuipandisha.

Miezi miwili nikaendesha mwenyewe, na petroli ikazidi kuisha. Badala ya kujiuliza, nikasema Mbaka ameacha tundu mahali. Mafundi wawili wakachomeka mashine zao za kompyuta, na wote wakasoma jambo lilelile: sensa ya oksijeni, kile kidude kinachokaa kwenye bomba la ekzosi kunusa moshi na kuijulisha injini kama petroli imezidi au imepungua. Wote wawili wakaweka mpya. Taa ya njano kwenye dashibodi ikazimika siku mbili, kisha ikawaka tena.

Mke wangu Kuruthumu ndiye aliyesema nimpelekee gari Makandi, fundi wa nyaya za magari anayefanyia kazi nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Nilienda nikiwa nimenuna. Nikamkuta mwanamke mwembamba ndani ya ovaroli, nikamwambia aweke sensa ya tatu tumalizane.

"Hapana, mzee," alisema. "Mashine inakuonyesha nani analia. Haikuonyeshi nani amemchapa."

Nikampisha bila ubishi, jambo ambalo Kuruthumu hataamini.

Makandi hakugusa spana hata moja. Aliacha injini ingurume mpaka ikapata moto, akalala chini ya gari na mita yake ndogo ya kupima umeme, na kila alichopima akanieleza, kana kwamba nami nina haki ya kujua. Sensa ina nyaya nne, alisema. Mbili za kuipasha moto, kwa maana ikiwa baridi hainusi kitu. Mmoja wa kupeleka habari kwenye injini. Wa mwisho wa kurudisha umeme wote, hata ule wa kupasha moto, kwenye bodi ya gari.

"Umeme wa kupasha moto unafika, ona. Lakini sensa bado ni baridi, na habari haitoki. Injini ikikosa habari inamwaga petroli tu, iwe salama."

Kisha akachukua waya mrefu, ncha moja akaishikisha kwenye upande wa hasi wa betri, ya pili kwenye ule waya wa kurudisha. Tukangoja. Tarakimu za mita, zilizokuwa zimeganda mahali pamoja, zikaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka.

"Sasa inanusa," akasema. "Sensa zako zote zilikuwa nzima."

Nimewahi kuona wanaume wakichuna ng'ombe mzima bila kutoboa ngozi hata pahali pamoja. Mikono ya namna hiyo naijua nikiiona, na siku ile niliiona kwa mwanamke aliyelala juu ya katoni. Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba nilikuja nimenuna.

Akaufuata ule waya kwa kidole mpaka kwenye bolti moja nyuma ya kebini. Ilikuwa imeliwa na kutu ya kijani. Akaikwaruza, akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Mzee, hii gari inabebanga nini?"

"Nyama."

"Nyama gani iko na chumvi hivi?"

Akanyoosha kidole juu. Sakafu ya nyuma ilikuwa na tundu, na kutoka kwenye tundu lile mchirizi mweupe ulishuka moja kwa moja mpaka kwenye bolti. Maji ya ngozi zangu.

"Na huyu aliyefunga hapa ni nani?" akauliza. Soketi ya sensa ilikuwa imeviringishwa ukanda wa mpira wa tyubu, kwa unadhifu, fundo juu ya fundo. "Aliona maji yanaingia, akakinga soketi. Hakujua ni bolti inaumia. Huyu mtu alikuwa anapenda hii gari."

Nikakaa juu ya tairi kuukuu. Nikakumbuka Mbaka aliwahi kuniomba turubai la kutandika chini ya ngozi, nami nikamjibu kwamba gari si kitanda.

Makandi akafunga waya mpya mahali pa juu, pakavu, akapapaka grisi. Jumamosi nikashika njia ya Embu, nikapanda mpaka Kibugu, na mshale wa petroli ukashuka kidogo tu. Kila nilipoutazama niliona aibu.

Mbaka alikuwa shambani, kikapu cha majani chai mgongoni.

"Ni gari iliyokuwa inakunywa," nikamwambia. "Na chumvi ilikuwa yangu. Nimekukosea, Mbaka. Nisamehe."

Akatua kikapu, akachuchumaa, akachungulia chini ya pikapu. Akaugusa waya mpya.

"Huyu fundi ni mzuri."

"Ni mwanamke."

"Mimi nimesema ni mzuri." Akasimama. "Mzee, uliniita mwizi kwa buchari, watu wakisikia. Hapa ni mimi na majani chai."

Nikampa ufunguo.

Jumatatu saa nne, buchari ikiwa imejaa, nikagonga kisu mezani mpaka watu wakanyamaza. Nikawaambia mwizi wa petroli amepatikana. Wote wakageuka kumtazama Mbaka, aliyekuwa amesimama mlangoni. Nikaburuta gunia la chumvi ya ngozi mpaka katikati, nikasimama kando yake.

"Mnaangalia wapi?" nikasema. "Mwizi ni huyu mwenye kisu."