Aliyeachiwa na Mahakama Isiyokuwepo

Benchi la korido lilikuwa na nafasi, ila Babu Rajnandan, tajiri wa mashamba, alikuwa amelikalia, na mtu wa tabaka la chini la Musahar haketi benchi moja na mwenye shamba. Kwa hiyo Phulmati Manjhi alichuchumaa sakafuni akimsubiri wakili wake.

Kesi hii aliishinda mwaka jana. Babu alidai Phulmati amemchomea nyumba. Phulmati akasota rumande miaka miwili, mpaka mzee Jhagru, mlinzi wa tanuri la matofali, alipoapa kwamba nyumba ikiungua mama huyu alikuwa tanurini, matofali kichwani. Hakimu akamwachia. Phulmati akagawa ladu, vile vidonge vitamu vya sherehe, mahakama nzima. Hata wakili wa Babu alikula mbili.

Dubey, wakili wa Phulmati, alitokea akifuta mdomo.

"Phulmati, Babu alikata rufaa, na ile hukumu imefutwa. Tunaanza upya."

"Upya vipi, bwana wakili? Si uliniambia mtu hashtakiwi mara mbili kwa kosa moja?"

"Kama mahakama ina mamlaka. Kuchoma nyumba ni kesi ya mahakama ya juu. Yule hakimu mdogo haikuwa saizi yake. Kwa hiyo, kisheria, hukushtakiwa."

"Na mzee Jhagru? Si ameshakufa!"

"Ushahidi wake umekwenda na ile kesi."

"Haya. Na rumande niliyolala, nayo haikuwa rumande?"

Kwenye benchi, Babu alicheka.

Phulmati aliinuka. "Wewe ulilijua hili lini?"

"Tangu siku ya kwanza," Dubey alisema, wala hakuona haya. "Mawakili wote ndivyo tunavyofanya. Ungefungwa, ningelitoa hilo la mamlaka nikufutie kifungo. Sasa nani alijua utashinda?"

Phulmati ndiye aliyemlisha mtu huyu ladu ya kwanza kwa mkono wake, kabla ya wanawe, na kumbe wakili hakumwamini hata siku moja.

Wakaitwa ndani. Jaji alikuwa anasoma, hakuinua macho.

"Mshtakiwa amewahi kushtakiwa kwa kosa hili?"

Phulmati alifungua mdomo.

"Hajawahi, mheshimiwa," Dubey akamuwahi.

Karani aliandika. Askari wa kike akamshika Phulmati mkono, akamwonyesha njia ya kizimbani, taratibu, kama mgeni asiyepajua.