Sahani ya Virginie

Bugali ilikuwa kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, na Virginie alijua haikuwekwa pale kwa upendo. Mama mkwe wake, Maman Madeleine, alikuwa ameisonga mwenyewe, mara tu aliposhuka kwenye pikipiki akitokea kijijini kwake Mumosho. Sasa alikuwa ameketi mbele yake, mikono mapajani.

"Kula, tuone."

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, mtaani Kadutu. Mezani walikuwa wanne: Virginie, mumewe Polycarpe, mama mkwe, na Floribert, mdogo wake Polycarpe, aliyepeleka habari nyumbani kwamba muke wa kaka yake anaisha.

"Ule mwili wote ulienda wapi?" Floribert aliuliza. "Batu banatucheka. Banasema muke wa mwalimu iko na ule ugonjwa, ao mwalimu anakulaka peke yake."

"Anakula peke yake, hiyo ni kweli," Virginie alisema. "Angalia tumbo lake."

Mama mkwe alisukuma sahani karibu naye.

Kwa miezi kumi na minne alikuwa amepunguza kilo ishirini na mbili, bila dawa yoyote ya sokoni. Bugali kiasi cha ngumi, mboga za lengalenga nyingi, visamaki vya sambaza vya kuchemsha badala ya kukaanga, na kila siku kupanda kilima kwa miguu wakati wenzake wakipita na pikipiki. Tension ya damu ilishuka kutoka kumi na saba hadi kumi na mbili. Magoti yaliacha kumuuma. Aliwaeleza yote, hata kipimo cha ngumi, akaleta karatasi ya hospitali, akaiweka mezani.

Floribert hakuigusa. "Karatasi inaandikwaka tu."

"Sikiliza, mutoto wangu," Maman Madeleine alisema. "Ukimaliza hii sahani, tunaondoka na amani. Ukishindwa, uko mugonjwa, tunakwenda na wewe Mumosho. Miezi mbili. Nitakulisha mimi mwenyewe mpaka urudi mutu."

Virginie alimjua. Kwake hakuna anayenyanyuka mezani kabla ya sahani kung'aa. Na daktari hakupamba maneno: kilo zikirudi, tension itarudi nazo, na safari hii moyo hautavumilia. Sahani moja haiui, sawa. Lakini akiimaliza leo, Jumapili ijayo itakuja nyingine, kisha Noeli, kisha Pasaka, mpaka wote waridhike na yeye ashindwe kupanda kilima.

Alimtazama mumewe. Miezi yote hiyo Polycarpe hakuwa amesifu wala kulaumu. Hata sasa alikuwa anaangalia kitambaa cha meza. Basi. Virginie alinawa mikono, akamega tonge.

"Maman, acha," Polycarpe alisema.

Tonge likabaki hewani.

"Mbele apunguke kilo, alikuwa anakoroma, halafu kimya. Pumzi inakatika. Mi naweka mukono ku mugongo yake, nahesabu. Kumi. Kumi na tano. Siku moja nilifika makumi tatu, nikamupiga ngumi ndipo akavuta hewa." Alimgeukia mama yake. "Miaka mbili sikulala, maman. Nilikuwa nasinzia mbele ya banafunzi. Sasa anapumua muzuri mpaka asubuhi. Sitaki arudie ule mwili."

Virginie alikumbuka zile ngumi. Alikuwa akimgombeza kila mara, akidhani anaota.

"Kukoroma?" Floribert alisema. "Nani hakoromaka?"

"Nyamaza wewe." Sauti ya Maman Madeleine ilikuwa imebadilika. "Baba yenu alikuwa anakoroma vile vile. Halafu kimya. Mi nilifikiri ametulia." Alinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa kimekunjamana. "Asubuhi alikuwa baridi."

Walisikia jirani akiosha masufuria.

Mwishowe mama mkwe alivuta sahani. "Bugali ya ngumi, ulisema?"

Virginie aliweka ngumi kando ya sahani. Maman Madeleine akaipima kwa macho, akakata bugali, akatazama tena, akapunguza kidogo.

Polycarpe akanyoosha mkono kuchukua pande lililobaki. Mama yake akaupiga.

"Wewe, na tumbo ya baba yako! Kunja ngumi."