Bibi Harusi na Sanduku

Kila Jumamosi, binti akishamaliza kuyakausha magari mawili ya uani, marehemu mama yake hufika, huingia siti ya nyuma na kupakata mkoba wake. Jumamosi hiyo alichagua Bibi Harusi, gari la baba, lenye mabega ya mviringo na bampa la kujitazamia meno. Wiki iliyotangulia alikaa kwenye Sanduku, gari la baba mdogo, lililoundwa miaka ishirini baadaye, pembe tupu kama kabati.

"Leo tunaenda?" mama aliuliza.

"Wakimaliza."

Mama alitaka kupelekwa kwa dada yake, ng'ambo ya daraja, mwendo wa nusu saa. Alianza kuomba akiwa hai, na kufa hakukumtoa kwenye foleni. Dada mtu, ambaye binti alimwita mama mkubwa, alikuwa mgonjwa, na kila Jumamosi alipiga simu: "Wameshatoka?"

Wanaume walikuwa wameinamia maboneti.

"Mlango wako unalia kama kopo," baba alisema. "Sikia huu." Akaubamiza mlango wa mama. Puu!

"Lakini mlimani unapitwa na punda, kaka. Shemeji, hebu amua wewe. Siti ipi nzuri?"

"Zote nimezikalia," mama alijibu. "Zote ziko hapahapa uani."

Binti akaomba ufunguo, kama kawaida. Leseni yake ilikuwa na mwaka wa tatu chini ya godoro.

"Hiki si chombo cha kujifunzia," baba alisema, kama kawaida.

Alhamisi mama mkubwa alifariki. Ijumaa wote walikwenda mazikoni kwa teksi, maana barabara ya kule ina vumbi.

Jumamosi simu haikulia. Ndani ya Sanduku, mama alikuwa amesogea dirishani, na mama mkubwa ameketi kando yake, viatu mkononi, pindo limejaa udongo mbichi. Walikuwa wameshikana mikono.

"Umekuja kwa miguu?" binti aliuliza.

"Ningepanda nini, mwanangu?"

Baba alikuja, akampa pole ya safari, kisha akachuchumaa kutazama matairi ya nyuma.

"Shemeji, wewe hamia Bibi Harusi. Mmoja huku, mmoja kule, ndio tujue springi za nani imara."

Mama mkubwa akaachia mkono, akashuka, akahama.

Jioni, wageni walipoondoka, binti alichota ndoo nyingine ya maji. Udongo ulikuwa umeganda kwenye siti zote mbili, kwa kiasi kilekile.