Lifti ya Mbele

Miguu ya Guerline ilikuwa na mazoea yake. Tangu atoke Haiti aje kufanya usafi katika maghorofa ya matajiri wa São Paulo, alikuwa akipitia mlango wa nyuma na kupanda lifti ya huduma, yeye na mifuko ya taka. Basi hata leo, ndani ya gauni la kanisani, akimpeleka bintiye kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwanafunzi mwenzake, miguu ilikata kona yenyewe kuelekea nyuma.

"Mama, huko wapi?" Daphney aligoma, zawadi kifuani. "Lívia kasema tupite mbele."

Guerline akasita. Kudharauliwa peke yake alikuzoea. Lakini mbele ya mtoto? Na akimpitisha nyuma leo, si atakua akidhani ndiyo njia yake?

Akageuka, akaingia mlango wa mbele.

Bawabu, mtu mweusi kama yeye, hata kichwa hakuinua. "Wafanyakazi nyuma, dada."

"Tumealikwa. Ghorofa ya tisa, kwa kina Lívia."

Akatazama zawadi, akatazama riboni za Daphney. "Nisamehe, dada yangu. Kazi hii imeniharibu macho."

"Mimi yangu imeniharibu miguu. Nusura nijipeleke huko mwenyewe."

Wakacheka kidogo, kama watu wanaojuana siku nyingi. Akawaitia lifti.

Walipokwisha ingia, akatokea mama mmoja na kijibwa chake. Alipowaona akasimama nje.

"Ya huduma iko nyuma."

Guerline alihisi uso ukimwaka moto. Akaubana mkono wa bintiye.

"Naijua, mama. Nimeipanda miaka," akasema taratibu. "Leo sisi ni wageni."

Mama yule hakuingia. Mlango ulianza kujifunga. Daphney akauzuia kwa kiganja.

"Ingia tu, bibi. Tutatosha. Mbwa wako anaitwaje?"

Mama yule akakitazama kijibwa chake.

"Pipoca," akasema, akaingia.

Alishuka ghorofa ya nne bila kumtazama Guerline. Lakini alimwambia mtoto, "Sherehe njema."

"Mama, unaniumiza vidole," Daphney akanong'ona.

Guerline akalegeza mkono.

Ghorofa ya tisa ilikuwa kelele tupu na harufu ya keki. Daphney akamponyoka mama yake, akakimbilia ndani huku viatu vikigonga sakafu, kama mtu anayeingia kwao.