Ngozi ya Alumini

Waasi walipofunga barabara zote mwaka wa 1964, Mwanahamisi alinaswa ng'ambo ya mto, mtoto mgongoni. Mashua pekee ya kuwavusha hadi Kisangani ilikuwa ya alumini, imetobolewa na risasi. Mara mbili tonton Octave, mzee mvuvi wa kabila la Wagenia, aliziba tundu kwa lami. Mara mbili lami ikabanduka kama kigaga.

"Hii haiko mbao, tonton. Masomo ya jioni walitufundisha: alumini iko na ngozi yenye haionekani. Unaisugua, unapaka palepale, kabla ivae ingine."

"Bon, haya mwalimu, sugua!"

Alisugua kwa mchanga mkavu hadi vidole vikachubuka. Octave akamwaga lami ya moto papo hapo. Bunduki zilikuwa zinakaribia.

Katikati ya mto Mwanahamisi alikipapasa kile kiraka. Kikavu. Akamshusha mtoto mgongoni, akamnyonyesha.