Sabini na Tano

Jikoni kwetu, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kuna daftari la joto la chakula. Kila mlo hupimwa kwa kipimajoto kabla ya kugawiwa, na ukishuka chini ya nyuzi sitini unarudi jikoni kupashwa. Mimi nimepika hapo miaka kumi na moja, sufuria naijua kwa kuitazama tu. Kwa hiyo kila asubuhi, chai mkononi, nilikuwa najaza milo yote ya siku nzima: sabini na tano, sabini na tano, sabini na tano. Nilijiona mjanja.

Jumanne lifti iligoma. Toroli la supu ya kuku likakaa chini saa tatu nzima. Lifti ilipotengenezwa, mhudumu aliniuliza kama tuipashe tena.

"Peleka hivyo hivyo, wana njaa," nikamwambia. "Hao hata ukiwapa makaa watasema yamepoa."

Tukacheka. Na chumba cha mwisho kule juu analala mama yangu mzazi.

Kesho yake asubuhi niliitwa. Nilimkuta mama amejikunja, beseni la matapishi kando yake. Muuguzi, daftari langu mkononi, alikuwa akimuuliza.

"Mama, supu ya jana ilikuwa ya moto?"

"Ya moto hasa," mama akasema, sauti ikitoka kwa shida. "Imeniunguza ulimi. Mwanangu ndiye mpishi."

Muuguzi akaangalia ukurasa wa jana. "Basi si chakula. Itakuwa ile dawa mpya ya moyo. Naisimamisha."

Mama akanitazama. Ni yeye aliyekuwa akimwambia baba kwamba sahani imevunjwa na paka, na paka hatukuwa naye. Nilitamani kunyamaza. Nasema kweli, nilitamani.

"Usiisimamishe dawa," nikasema. "Mama anadanganya. Supu ilikuwa imepoa na mimi nilijua. Fungua ukurasa wa leo."

Akafungua. Ilikuwa saa mbili asubuhi, nyama ya jioni bado imeganda kwenye friji, na kwenye mstari wake nilikwishaandika sabini na tano. Muuguzi akatoka kwenda kumwita daktari.

Nikakaa kitandani, nikamshika mama mkono. Akauvuta, akageukia ukutani.

"Ulimi uliungua," akasema. "Aliyekula ni mimi au ni wewe?"